Staili zimo zote, na alama za kujumlisha zimo zote

"Nnyabo, staili nimeweka zote." Nimeisikia tena juzi hapa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, na tangu muhula uanze hii ni mara ya tatu. Kijana kaniletea faili la InDesign, programu ya kupanga kurasa: kitabu cha sarufi ya Kiswahili, kurasa 312. Kazi ilikuwa ndogo. Nipunguze matini kutoka pointi 11 hadi 10.5 ili kitabu kishuke hadi kurasa 304, kwa sababu karatasi moja ya mtambo ikikunjwa hutoa kurasa 16, na 312 inakuachia nusu karatasi mkononi. Nikabadilisha staili ya aya, yaani maagizo ya mwonekano yenye jina, ambayo kila aya iliyovishwa jina hilo huyafuata. Sura ya kwanza ikatii. Ya pili ikatii nusunusu. Ya tano haikujitikisa.

Hakunidanganya. Kila aya ilikuwa na jina la staili, na pembeni ya jina ile alama ya kujumlisha. Maana yake aya inajiita "Matini" lakini imeguswa kwa mkono, na kilichofanywa kwa mkono hushinda staili. Sura ya tano ilikuwa imeandikiwa 10.8 ili mstari mmoja usirukie ukurasa wa pili. Sasa staili iamuru nini?

"Si ufute tu?" Hapo ndipo damu yangu huchemka. Shika Alt, bofya jina la staili, na kila cha mkono kinaondoka, pamoja na herufi za mlalo za mifano yote, ambazo naye kijana aliziweka kwa mkono. Kitabu cha sarufi kisicho na mifano iliyotofautishwa! Hutagundua wewe, atagundua mwalimu, kitabu kikiwa kimeshafungwa.

Kwa hiyo kwanza tafuta herufi zote za mlalo na uzivishe staili ya herufi, ile inayovaa neno au herufi badala ya aya nzima, ndipo ufute. Tumia Alt peke yake. Ukiongeza Shift, staili za herufi nazo zinakwenda.

Na hiyo staili ya herufi iseme "mlalo" basi. Fonti acha wazi, ukubwa acha wazi, virithiwe kutoka kwenye aya. Huyu wangu alikuwa amejaribu moja, akajaza kila kisanduku alichokiona. Neno la mlalo likiingia kwenye kichwa cha pointi 18 linasinyaa hadi 11 kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto.

Kisha kuna ŋ. Mwandishi analinganisha "ngoma" na "eŋŋoma" ya Kiganda, na fonti ya kitabu haina ŋ, kwa hiyo kijana alibadilisha fonti kwa mkono, herufi baada ya herufi. Ukifuta, unabaki na visanduku vitupu. Dawa ni kuweka staili ya GREP, yaani kanuni inayotafuta herufi yenyewe, ndani ya staili ya aya: kila ikiona ŋ, iivishe staili ya herufi yenye fonti nyingine. Ndiyo, nimetoka kusema fonti iachwe wazi. Hapa jaza.

Enta tatu chini ya kila kichwa sizizungumzii. Kuna nafasi kabla ya aya na baada ya aya, zitumie.

Nisichokuwa na hakika nacho ni ukoo wa staili, yaani staili ipi irithi kutoka kwa ipi. Zamani nilizalisha zote kutoka kwa mzazi mmoja, hadi siku niliposawazisha kingo za matini na majedwali yote yakatanuka maneno kama meno yenye mapengo. Sasa majedwali yana mzazi wake. Vichwa bado nabadili mawazo kila kitabu.

Baada ya usafi huo wote kitabu kikatoka kurasa 306. Sura mbili zilikuwa zinamwaga mistari miwili mitatu kwenye ukurasa mpya, nikabana nafasi za herufi kwenye aya kumi na moja, kwa mkono, hadi zikarudi. Kijana akainama kwenye kioo akaangalia paneli.

"Nnyabo, hii hapa siyo alama ya kujumlisha?"

Ndiyo yenyewe.