Kuutazama Kilimanjaro bila kuupanda: anza na mwezi, ndipo uchague upande

Karibu kila anayeniandikia kutaka kuja kuuona Kilimanjaro huanza na swali la mahali. Afikie Moshi? Aende Amboseli, hifadhi iliyo upande wa Kenya? Au atafute kona tulivu huko Siha, magharibi mwa mlima? Mimi kabla sijajibu humuuliza: unakuja mwezi gani? Kazi yangu ni kuongoza wageni pande zote za mlima huu, na ningependa kila msafiri ajue jambo moja kabla hajalipia chumba: mlima ni mmoja, lakini upande wenye sura nzuri huhama kufuata jua na upepo.

Kilimanjaro uko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta. Kuanzia Juni hadi Agosti jua limeegemea kaskazini, kwa hiyo linaangaza uso unaotazama Kenya. Miezi hiyohiyo upepo wa kusi unaleta unyevu kutoka Bahari ya Hindi na kuulaza kwenye miteremko ya kusini. Hapo Moshi mjini tunaweza kukaa siku kadhaa chini ya wingu la kijivu, watu wamevaa masweta, na mgeni akaondoka akiamini mlima ni wa kwenye kadi za posta tu. Ikifika mwishoni mwa Desemba mambo yanageuka. Jua limehamia kusini, kaskazi ndiyo inayovuma, na uso wa kusini, wenye mito ya barafu iitwayo Heim, Kersten na Decken, unapata mwanga tangu kunapopambazuka. Wachagga wanaorudi nyumbani kula Krismasi wanalijua hili bila kufundishwa na mtu. Kwa anayelala Moshi, Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipendekeza kwa moyo wote.

Masika, yaani Machi hadi Mei, watu wengi huifuta kwenye kalenda. Ni kweli siku nyingi hutaona kitu. Lakini mvua ikinyesha usiku kucha kisha mbingu ikafunguka alfajiri, vumbi lote limeoshwa na theluji mpya imeshuka chini ya kilele, unapata mwonekano ambao Septemba haiwezi kukupa. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetoka Pwani akipitia Taita, aliuona weupe wa Kibo, kilele kikuu cha mlima, tarehe 11 Mei 1848, katikati ya masika. Wasomi wa Ulaya walimbishia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Ukija Septemba au Oktoba, jiandae kuona mwamba wa kahawia zaidi ya weupe: tangu mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kibo imetoweka. Sipendi kulificha hilo kwa mgeni. Ni afadhali ajue mapema, na aone mabaki yake yangali yapo.

Baada ya mwezi, saa. Jua likishapanda, miteremko inapata joto, hewa inapaa na kubeba unyevu wa msitu mkubwa unaouzunguka mlima, na unyevu huo ukipoa huko juu unakuwa wingu. Kufikia saa nne asubuhi mara nyingi mkanda mweupe umeshajifunga kiunoni, na saa sita mlima umekwenda. Jioni hewa inapoa, inaanza kushuka, na wingu linalegea. Kuanzia saa kumi na moja Kibo anaweza kujitokeza tena, kichwa kwanza. Ndiyo maana anayepita Moshi mchana kwa basi, akala, akaendelea na safari, anapoteza nafasi yake. Lala usiku mbili angalau. Saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshasimama pale ulipopachagua jana yake, si kwamba ndiyo kwanza unatafuta viatu.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: ukiukaribia mno, unaupoteza. Marangu na Machame ni vijiji vizuri sana, vina maporomoko ya maji na kahawa, lakini ukiwa kwenye vihamba vya migomba, vilima na miti vinaukinga mlima. Umbo zima linaonekana ukirudi nyuma, kusini ya mji, kwenye tambarare ya mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC au kwenye barabara ya kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka huko Kibo, mita 5,895, yuko kushoto, na Mawenzi, kilele cha pili, mita 5,149, yuko kulia, katikati yao bonde pana kama tandiko refu. Hakuna tiketi ya kukata. Unasimama tu kando ya barabara.

Ukihamia Amboseli picha inageuzwa: Kibo kulia, Mawenzi kushoto. Juni na Julai sioni mahali panapopashinda. Vinamasi vile wanamoogelea tembo vinalishwa na maji yanayopita chini ya ardhi kutoka mlimani, kwa hiyo hata ukitazama chini bado unautazama mlima. Kama ada ya hifadhi ni nzito, barabara ya Kimana hadi Loitokitok iko nje ya hifadhi na mlima ni uleule. Mtanzania anaweza kuvuka mpaka kupitia Namanga au Tarakea. Hati ya kusafiria iwe mkononi, na karatasi za gari ziwe kamili.

Mashariki ni kwa Mawenzi. Kutoka ukingo wa Ziwa Chala, mpakani, au njiani Rombo, yeye ndiye yuko mbele na Kibo amejificha nyuma. Tazama asubuhi, jua linapompiga usoni: miamba yake imechongoka na kukatika, na utaelewa kwa nini hadithi ya Wachagga husema Kibo alimpiga Mawenzi kwa mchi.

Magharibi ni kwa jioni. Enduimet na Sinya, katika nyika ya Siha na Longido, Kibo anapokea mwanga wa mwisho akiwa peke yake, maana Mawenzi yuko nyuma yake kabisa. Maziwa ya Momella, katika Hifadhi ya Arusha, yana fursa yake pia: Juni na Julai jua huchomoza karibu na mgongo wa Kibo, naye anabaki kivuli cheusi chenye ukingo wa dhahabu.

Kwa wanaokuja kwa ndege kutua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro: ukitokea Dar es Salaam omba dirisha la kulia, ukitokea Nairobi la kushoto. Na uombe ndege ya asubuhi. Ya mchana hukaribia uwanja wakati mlima umeshajifunika, ingawa kilele hutokeza juu ya mawingu mara nyingi kuliko kinavyoonekana kutoka ardhini.