Je, wajua kwa nini kadi ya chipukizi ya Hideo Nomo ni ya 1995, ilhali alikuwa nyota tangu 1990?

Mwaka 1995 Hideo Nomo, mrushaji wa besiboli (yule anayemrushia mpigaji mpira) kutoka Osaka, Japani, alitwaa tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa Ligi ya Taifa, mojawapo ya ligi mbili za besiboli kuu ya Marekani. Kadi zake za kukusanywa, zenye picha ya mchezaji, zilizochapishwa mwaka huo na kampuni kama Topps na Upper Deck ndizo wakusanyaji wanazoziita kadi zake za chipukizi. Lakini ziko kadi za Nomo za mwaka 1991, za kampuni ya BBM ya Japani, zinazomwonyesha akiwa na jezi ya Kintetsu Buffaloes. Inakuwaje kadi ya mwaka 1995 iitwe ya chipukizi na ile ya 1991 isiitwe hivyo?

Wengi huamini kwamba kadi ya chipukizi ni ile ya kwanza kabisa kuchapishwa yenye picha ya mchezaji. Ni dhana inayoeleweka, na kwa wachezaji wengi waliokulia Marekani inakaribia ukweli, ndiyo maana haikosolewi mara kwa mara. Kwa Nomo inavunjika papo hapo. Wengine husema kadi za Japani zilisahaulika kwa kuwa zimeandikwa Kijapani, au kwa kuwa kwa miaka mingi kadi za huko zilijulikana zaidi kama zawadi inayoambatana na pakiti za krispi za Calbee, tangu 1973. Hilo lilipunguza wanunuzi wa ng'ambo, ndiyo, lakini silo lililoamua. Kadi ya 1991 ingeandikwa Kiingereza kitupu, bado isingehesabiwa.

Wala tusidhani Nomo alifika Marekani akiwa mwanagenzi. Katika msimu wake wa kwanza Japani, 1990, alishinda mechi 18 na kuwatoa wapigaji 287 kwa kuwakosesha mpira mara tatu. Mwaka huo huo alipewa tuzo ya chipukizi bora, ya mchezaji bora wa ligi, na ile ya Sawamura ambayo ndiyo heshima kubwa ya warushaji wa Japani. Urushaji wake ulikuwa wa kutazamwa: ananyoosha mikono juu ya kichwa, anajipinda hadi mpigaji anaona mgongo na namba ya jezi, anatulia kidogo, kisha mwili mzima unafunguka na mpira unatoka. Wajapani wakamwita Tornado, yaani kimbunga.

Kiini cha jambo ni daftari gani linahesabu. Besiboli kuu ya Marekani humtambua mrushaji kuwa chipukizi kwa kawaida mpaka apitishe awamu 50 za kurusha (mechi moja huwa na awamu tisa) katika ligi zake yenyewe. Nomo alikuwa amerusha zaidi ya awamu 1,000 huko Japani, na kwenye daftari la Marekani zote zilisomeka sifuri. Fikiria gari la mtumba linaloshushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Limetembea Japani miaka saba au minane, injini imeshazoea barabara, lakini likisajiliwa hapa linapewa namba mpya, na majirani wanaliita gari jipya la fulani. Namba ile haidai kwamba gari limetoka kiwandani jana. Inasema tu siku liliyoingia kwenye rejista yetu. Anayetaka kujua umri wa gari hutazama mwaka wa kutengenezwa. Anayetaka kujua lini lilianza kutembea hapa hutazama namba. Kadi ya chipukizi ni ile namba ya usajili.

Wakusanyaji wa Marekani waliufuata mkondo huo huo: kadi ya chipukizi ni ya seti inayouzwa nchi nzima, ikimwonyesha mchezaji kama mtu wa ligi kuu ya Marekani. Ni desturi ya soko zaidi ya sheria, na mipaka yake imebishaniwa sana. Mwaka 2006 ligi na chama cha wachezaji walikaza kamba kwa kuweka nembo maalumu ya chipukizi, inayochapishwa tu kwenye kadi za waliokwisha kufika ligi kuu.

Nomo alifika kwa njia nyembamba. Kabla yake Mjapani pekee aliyecheza ligi hiyo alikuwa Masanori Murakami, mrushaji wa San Francisco Giants mwaka 1964 na 1965, mwenye kadi ya Topps ya 1965. Miaka 30 ikapita. Nomo na wakala wake waligundua kwamba mchezaji aliyestaafu kwa hiari alifungwa na timu yake ndani ya Japani tu, hivyo akastaafu, kisha akasaini na Los Angeles Dodgers. Mgomo wa wachezaji wa 1994 ulikuwa umefuta hata fainali za Marekani, na watu walikuwa na kinyongo na mchezo. Nomo akawatoa wapigaji 236 kwa kuwakosesha mpira, wengi kuliko mrushaji yeyote wa ligi yake, akateuliwa kuwa mrushaji wa kwanza wa upande wake katika mechi ya nyota wote, na watu wakamiminika kumtazama. Kadi zake za kawaida za 1995 zilichapishwa kwa wingi, kwa hiyo nyingi bado zinapatikana kwa bei nafuu licha ya uzito wa historia yake.

Si kila mtu aliridhika na hesabu hii. Mwaka 2003 wapigakura wawili walimwacha Mjapani mwingine, Hideki Matsui, nje ya kura zao za chipukizi bora kwa sababu ya miaka yake ya Japani, naye akashindwa kwa pointi 4. Nadhani walikosea: kanuni iliwataka wapime msimu wake wa Marekani tu. Mjapani Shohei Ohtani alishinda tuzo hiyo mwaka 2018, na kadi zake za chipukizi ni za mwaka huo, ingawa za BBM za 2013 zinasakwa sana siku hizi. Ukiona tangazo la kadi ya Mjapani lenye neno chipukizi, tazama kwanza jezi aliyovaa, kisha mwaka, ndipo uulize bei.