Kwa nini siandiki kila ninachoambiwa

Mimi ni ofisa ustawi wa jamii hapa Houston, na wengi ninaowahudumia ni wahamiaji wa Amerika ya Kati wasio na vibali. Wenzangu wa Nairobi na Dar huniuliza huwa ninawahojije watu waliopitia mateso kama yale. Kikao cha kwanza sihoji kabisa.

Kiwewe chao bado kinaendelea. Mama wa Honduras aliyevuka Meksiko juu ya treni ya mizigo, kisha akalazwa kwenye seli za mpakani zenye baridi kali, hadi leo anatoka nyumbani bila kujua kama jioni atarudi kwa wanawe. Mlango ukigongwa akashtuka, siwezi kumwambia anaogopa bure. Januari 2025 serikali ya Marekani ilifuta mwongozo uliobana ukamataji wa wahamiaji shuleni, hospitalini na makanisani.

Basi naanza na vitu vidogo. Achague kiti mwenyewe. Wengi huchagua kinachotazama mlango. Namuuliza lugha ya nyumbani kwao, maana Waguatemala wengi huzungumza Kimam au Kik'iche', na Kihispania chao ni cha kubabaisha. Mkalimani asitoke kijiji kimoja naye, la sivyo hatasema neno. Mtoto wake simtumii kamwe kutafsiri.

Halafu faili. Maelezo ambayo watoto waliofika peke yao waliwapa washauri nasaha yamewahi kufika kwa mawakili wa serikali na kutumiwa dhidi yao. Ndiyo maana naandika usingizi, hamu ya kula, mapigo ya moyo; njia aliyopita na hali ya vibali vyake siandiki. Na kabla hajafungua kinywa namweleza kile sheria inachonilazimisha kuripoti, kama vile mtoto kudhulumiwa.

Lakini kunyamaza nako kuna gharama. Ombi la hifadhi linatakiwa kuwasilishwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia nchini, isipokuwa kwa sababu maalumu. Viza ya U, ya waathirika wa uhalifu wanaosaidia polisi, ina kikomo cha 10,000 kwa mwaka, na foleni yake ni ya miaka mingi. Kwa hiyo siku hiyohiyo namtajia muda huo na kumuunganisha na wakili, ambaye siri yake inalindwa zaidi kisheria. Tunapanga maelezo yachukuliwe kwa utulivu, na mapumziko, ili asiyarudie kwa kila ofisi. Kesho yake nampa miadi ya mapema, kwa kuwa usiku wa kutoa maelezo wengi hawalali.