Degedege haliletwi na ndege, na ORS haikatishi kuharisha

Mtoto akiugua, jina la ugonjwa hufika kabla ya kipimo. Bibi anasema ni meno, jirani anasema ni kimeo, muuza duka la dawa anasema ni malaria. Jina likishatajwa, ndilo linaloamua mtoto apelekwe wapi: kwa mganga, kwa mkata vimeo au zahanati. Yafuatayo ndiyo yanayopoteza muda mwingi zaidi, hasa kwa walio chini ya miaka 5.

Dhana: Degedege ni la mashetani, na mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa

Wapo wanaoamini kwamba mtoto amepitiwa na dege la usiku. Anafukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, au anamwagiwa mkojo. Baada ya dakika chache anatulia, na mfukizaji anapata sifa. Ukweli ni kwamba degedege la homa mara nyingi hukoma lenyewe ndani ya dakika 5, ufukize usifukize. Huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, wakati ubongo bado haujakomaa kuhimili homa. Ila ukiwa nyumbani huwezi kujua kama ni homa tu, au ni malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au sukari iliyoshuka. Kwa hiyo kila mtoto aliyeshikwa na degedege hupelekwa akapimwe, hata kama sasa anacheza.

Hofu ya sindano nayo ina chanzo kinachoeleweka. Mtoto anazungushwa siku mbili kwa tiba za nyumbani, anafikishwa hospitali akiwa hoi, anachomwa sindano, anafariki saa chache baadaye. Lawama inabaki kwenye sindano, ilhali kilichomuua ni siku mbili zile. Kwa malaria kali, sindano ya atesuneti ndiyo tiba ya kwanza: anachomwa anapofika, tena baada ya saa 12, tena ikitimia saa 24.

Degedege likianza, mlaze kiubavu chini kwenye mkeka, ondoa vitu vigumu karibu naye, legeza nguo shingoni, kisha tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ulimi haumezwi, na kijiko huvunja meno. Usimnyweshe chochote, hata dawa ya homa, mpaka azinduke kabisa, maana kitaingia mapafuni. Likipita dakika 5, likirudi, au asipozinduka, ondokeni hapo hapo.

Dhana: Anaharisha kwa sababu anaota meno

Meno huanza kuota karibu na miezi 6. Umri huo huo mtoto anaanza kula uji, anatambaa, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni, huku kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama ikipungua. Vijidudu vinaingia, anaharisha, na jino linalochomoza linasingiziwa. Ubaya wa jina hili ni kwamba linamfanya mama asubiri.

Dhana: ORS haifai, mtoto amekunywa na bado anaharisha

ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, haikuwekwa ili ikatishe kuharisha. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi vinavyotoka. Kuharisha kutaisha kwenyewe, kwa kawaida ndani ya siku chache. Anayeipima kwa idadi ya nepi lazima ataiona haifai, ataiacha, kisha atanunua dawa ya kufunga choo, ambayo mtoto mdogo hapaswi kupewa. Antibiotiki nayo haina kazi hapa isipokuwa choo kina damu au inashukiwa kipindupindu, na hapo ni zahanati itakayoamua.

Kosa kubwa liko kwenye kuchanganya. Kuna pakiti za lita 1 na za nusu lita, kwa hiyo soma pakiti kabla ya kuichana. Pakiti ya lita 1 ikitiwa kwenye maji nusu lita inakuwa na chumvi nyingi mno na inaweza kumdhuru. Maji yakizidi, inapungua nguvu. Pima kwa chupa iliyoandikwa mililita, kwa kuwa chupa ndogo za maji hazilingani zote. Tia pakiti nzima, usigawe unga kwa kukadiria. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na yakifika saa 24 mwaga utengeneze mengine.

Kila anapoharisha, chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100; miaka 2 na zaidi, 100 hadi 200. Mpe kwa kijiko au kwa mafundo madogo kutoka kikombeni. Akitapika, subiri dakika 10 uanze tena polepole zaidi. Pasipo pakiti, lita 1 ya maji salama na vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Vijiko vya mlima ndivyo vinavyoharibu.

Pamoja na ORS anapewa zinki mara moja kwa siku kwa siku 10 hadi 14: kidonge kimoja cha miligramu 20 kuanzia miezi 6, nusu kidonge chini ya hapo. Kiyeyushe kwenye kijiko chenye maji au maziwa ya mama. Wengi huacha siku ya tatu choo kikikaza, wakati faida nyingine ya zinki ni kupunguza kuharisha kwa miezi inayofuata. Na mtoto aendelee kunyonya na kula. Kumnyima chakula kunamdhoofisha tu.

Dhana: Utosi umedumbukia, utafutiwe dawa ya kupaka

Utosi ulioingia ndani ni dalili kwamba maji mwilini yamepungua. Dawa yake inanywewa, haipakwi. Bana ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu, kisha achia: ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, au macho yameingia ndani na hana nguvu ya kunywa, ORS ya nyumbani peke yake haitoshi. Utosi uliovimba huku mtoto ana homa ni hatari ya aina nyingine, na hauna kusubiri asubuhi.

Dhana: Kikohozi hakiishi kwa sababu ya kimeo

Kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kila mtu anacho, na kukikata hakuponyi kikohozi. Kunaleta damu isiyokata na maambukizi kutoka kwenye wembe au waya. Yanayoitwa meno ya plastiki ni hali hiyo hiyo: wanayong'oa ni vichipukizi vya meno halisi ndani ya ufizi.

Kinachotakiwa kutazamwa ni pumzi. Subiri mtoto atulie au alale, pandisha fulana, weka simu kwenye saa ya kuhesabu, uhesabu kila tumbo linapoinuka kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kwa sababu mtoto hapumui kwa mwendo mmoja. Pumzi 60 au zaidi chini ya miezi 2, 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kuanzia mwaka 1 hadi 5: hiyo inaweza kuwa nimonia, apelekwe leo. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta pumzi, msihangaike kuhesabu, ondokeni.

Dhana: Mwili ukichemka ni malaria

Kiganja hakipimi, kipimajoto kwapani kikisoma 37.5 au zaidi ndiyo homa. Malaria nayo inathibitishwa kwa tone la damu kidoleni, majibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Ikiwa ipo, dawa mseto inamalizwa siku zote 3, hata homa ikiondoka siku ya pili.

Parasetamoli hushusha joto, haigusi kilicholileta. Dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6. Kwa sirapu ya miligramu 120 katika mililita 5, mtoto wa kilo 10 hupewa mililita 5. Tumia kikombe kilichokuja na chupa, si kijiko cha chai cha jikoni. Na mvue mablanketi.

Dhana: Kichanga hana homa, basi hana shida

Chini ya miezi 2, baridi inaogopesha kama joto. Kwapani chini ya 35.5, au 37.5 na kuendelea, au ameacha kunyonya vizuri: zahanati mara moja, bila dawa yoyote ya kujaribia.

Mkiondoka, bebeni kadi ya kliniki, pakiti za dawa alizokwisha kupewa, na karatasi yenye saa ya dozi ya mwisho na saa ambayo degedege lilianza. Kama anaweza kumeza, anyonyeshwe njiani.