"Bibi Titi (barabara)": dhana potofu tunazofundisha kuhusu wanawake waanzilishi

Kila nikipokea kidato cha pili wapya, nawapa nusu karatasi na kazi moja: andika majina matano ya watu waliopigania uhuru wa Tanganyika. Nazikusanya na kuzisoma palepale mbele yao. Nyerere hakosekani. Kawawa yupo, Abdulwahid Sykes yupo, na Paul Bomani, maana hapa ni Mwanza. Mwaka huu Bibi Titi Mohamed alitokea kwenye karatasi tatu tu, na kwenye moja mtoto aliandika hivi: "Bibi Titi (barabara)".

Mtoto hakukosea. Barabara ipo Dar es Salaam na yeye aliwahi kupita hapo na baba yake. Ila hakuna mtu aliyewahi kumwambia mwenye jina alifanya nini, na lawama hiyo ni yetu walimu. Nimefundisha Historia kwa miaka mingi na baadhi ya dhana nitakazozitaja hapa nilizibeba mwenyewe hadi darasani.

"Kazi ya siasa ilifanywa na wanaume, wanawake waliitwa kuimba na kupiga vigelegele."

Hii ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote. Mwaka 1955 TANU, chama kilichoongoza kudai uhuru wa Tanganyika, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na wanawake ndani yake walikuwa wa kuhesabu. Alipokuja John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, aliuliza wanawake wako wapi. Hapo ndipo Titi alipoingia kuongoza sehemu ya wanawake. Alizaliwa 1926, alisoma hadi darasa la nne, na mjini alijulikana kama mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba.

Vitabu vingi vikifika hapo vinasema "aliwahamasisha akina mama" kisha vinafunga mlango. Mimi hapo ndipo ninapokaa kipindi kizima. Nawauliza wanafunzi: huna simu, redio si yako, gazeti wengi hawasomi. Utawaitaje wanawake elfu moja wa mji kwa wiki moja? Wanakuna vichwa. Kisha msichana wa nyuma anasema, "Madam, si ungeanza na viongozi wa vikoba?" Na ndivyo ilivyokuwa. Vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam vilikuwa na viongozi wao, michango yao, sare zao, na wanachama wa makabila mbalimbali waliosikilizana kwa Kiswahili. Titi aliwaendea viongozi wa vikundi, nao wakaja na watu wao. Chama kilichokuwa na wanawake wachache kikawapata kwa maelfu ndani ya miezi michache. Wimbo ulikuwepo, lakini nyuma ya wimbo kulikuwa na mtandao uliokuwa umejengwa kwa miaka mingi, na wenye mtandao huo walikuwa wanawake.

Kwetu Kanda ya Ziwa jambo hili lina uzito wa ziada. Kuanzia 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni ilikataa kuruhusu matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa. Kadi ya chama ilikuwa kitu cha kuficha. Nilipowatuma wanafunzi wakawaulize wazee nyumbani, kijana mmoja alirudi na habari ya bibi yake anayeuza dagaa Kirumba: mama wa bibi huyo alikuwa akificha kadi ndani ya gunia la udaga, chini kabisa, kwa sababu hakuna askari ambaye angekubali kujipaka unga mpaka mabegani. Aliisoma taarifa hiyo amesimama, na darasa lilikuwa kimya.

"Waanzilishi ni watu wa Dar au wa Ulaya, huku ziwani hakuna."

Ukisimama kwenye mawe ya Capripoint ukatazama kaskazini, huko mbele kuna Ukerewe. Hapo ndipo alipozaliwa Gertrude Mongella, mwaka 1945. Alisoma Marian College ya Morogoro, ambayo leo ni Kilakala, akawa mwalimu kabla ya siasa. Septemba 1995 Umoja wa Mataifa ulipofanya Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake kule Beijing, Katibu Mkuu wa mkutano huo alikuwa yeye, na serikali 189 zilikubaliana juu ya azimio lake. Mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Ninao wanafunzi wanaovuka kwa meli kutoka Nansio kila likizo ambao hawakuwahi kusikia habari hizi hata mara moja, na inaniuma.

Ziwa lina pande nyingine pia. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, huko Kisii nchini Kenya, mwanamke aitwaye Moraa aliwachochea vijana wa Wagusii wakatae utawala wa Waingereza, na mwaka 1908 Otenyo akamchoma mkuki ofisa wao, Northcote. Miaka michache baadaye Waingereza walipomkamata Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama wa pwani ya Kenya kuwapinga mwaka 1913, walimpeleka uhamishoni hukohuko Kisii. Mwaka uliofuata akatoroka, akarudi kwao pwani. Nawaambia wanafunzi wapime umbali huo kwa rula kwenye atlasi. Wakishapima hawasahau.

"Akishapatikana wa kwanza, mlango umefunguka."

Sarah Ntiro wa Hoima, Uganda, ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu, Oxford, mwaka 1954. Sisi Watanzania ni shemeji yetu, maana aliolewa na mchoraji Sam Ntiro, aliyekuja kuwa balozi wetu London. Kabla ya hapo alikuwa Makerere, chuo ambacho hadi 1945, walipopokelewa wanawake, kaulimbiu yake ilikuwa "Tuwe wanaume". Alitaka kusoma hesabu, mhadhiri akakataa kufundisha darasa lenye mwanamke. Aliporudi na shahada yake wakampangia mshahara mdogo kuliko wa mwanamume mwenye sifa hizohizo. Akawaambia afadhali afundishe bure kuliko kupokea pesa hizo. Akafundisha bure, hadi serikali ikaona aibu na kumlipa sawa.

Kwetu, Julie Manning na Tabitha Siwale walikuwa wanawake wa kwanza kuwa mawaziri kamili mwaka 1975, miaka 14 baada ya uhuru. Rais mwanamke tulimpata 2021.

"Ukimfundisha shujaa, ruka mambo yanayotia doa."

Walimu wenzangu wengi wakifika 1969 kwa Bibi Titi wanageuza ukurasa. Mimi nawaambia wanafunzi yote. Alikuwa kiongozi wa kwanza wa UWT, umoja wa wanawake, mwaka 1962. Mwaka 1967 alijiuzulu kwenye Kamati Kuu kwa sababu Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na Nyerere akamwachia 1972. Alifariki mwaka 2000. Kipindi hicho ndicho chenye mjadala mkali kuliko vyote vya muhula: wengine wanamtetea, wengine wanasema sheria ni sheria, na kengele ikilia hawataki kutoka. Mtu akipambwa tu, mtoto hapati la kubishania.

"Ni mada ya wasichana, na siku yake ni Machi 8."

Hapana. Wavulana ndio waliopima umbali wa Kisii kwa bidii zaidi. Na mwanamke aliyewekwa kwenye bango la Machi 8 peke yake, watoto wanamwona mgeni aliyepita kwenye historia. Kwenye azimio langu la kazi hakuna mada ya "wanawake mashujaa". Bibi Titi yuko kwenye kuanzishwa kwa TANU. Mekatilili na Moraa wako kwenye upinzani dhidi ya ukoloni. Sarah Ntiro yuko kwenye elimu ya kikoloni, na swali lake la mshahara huja kwenye mtihani kama swali lingine lolote.

Wiki ijayo tunafika Maji Maji. Nkomanile, mwanamke aliyenyongwa Songea mwaka 1906 pamoja na viongozi wa Wangoni, ataandikwa ubaoni siku hiyohiyo na Kinjekitile, kwenye mstari unaofuata.