"A Jonah": jina la nabii Yona katika Kiingereza cha kila siku

Mwingereza akisema mtu fulani ni "a Jonah", hamsifu kwa unabii wala hamshutumu kwa utoro. Anasema ana kisirani: akipanda chombo, bahari inachafuka, akisajiliwa na timu, timu inaanza kufungwa. Balaa lenyewe huwapata walio naye, na hapo ndipo ulipo uzito wa neno hili.

Maana hii ni ya mabaharia, na imejengwa juu ya sura ya 1 tu ya Kitabu cha Yona katika Biblia, chenye sura 4. Yona aliagizwa kwenda Ninawi, akashuka Yafa, akalipa nauli ya merikebu iendayo Tarshishi. Tufani ikavuma. Mabaharia wakatupa shehena baharini, naye yuko chini amelala fofofo. Wakapiga kura wajue msiba umetoka kwa nani, ikamwangukia yeye. Hata hivyo walivuta makasia kwanza warudi nchi kavu, wakashindwa. Walipomtupa majini, bahari ikatulia. Ninawi iliyotubu na mtango ulionyauka havimo kabisa katika neno la Kiingereza. Hata samaki hayumo! Limebaki lile jicho la mabaharia likimtazama abiria mmoja. Kwa imani hiyohiyo, mabaharia wengi wa zamani hawakupenda kusafiri na kasisi.

Kinachotofautisha jina na sifa ni kile kineno kidogo "a". Jonah peke yake ni jina la kawaida tu, kama la Jonah Lomu, mchezaji wa raga wa New Zealand, na halimtii mtu nuksi. Likitanguliwa na "a", au likiwekwa katika wingi, "Jonahs", limekuwa sifa, ingawa herufi kubwa hubaki. Kamusi zina pia kitenzi, "to jonah", yaani kumtia mtu mkosi, lakini ni nadra kukisikia. Siku hizi wengi husema "jinx", neno linalobeba watu, vitu na hata maneno. "A Jonah" kwa kawaida ni mtu, na lina harufu ya bahari na ya zamani kidogo.

Wanaotafsiri hukosea wanapoandika "yeye ni Yona". Msomaji wa Kiswahili atamfikiria mtu aliyekimbia wito, au aliyemezwa na samaki. Kwa Mwislamu ni mbali zaidi: Nabii Yunus humkumbusha dua ya mwenye dhiki aliyomwomba Mola akiwa tumboni mwa samaki, yaani faraja, kinyume kabisa cha kisirani.

"Kisirani" ndilo neno lililo karibu zaidi, ila kuna mahali linaeleweka kama hasira na ugomvi, kwa hiyo tazama sentensi nzima. "Nuksi" halina utata huo: "tangu aingie huyu, nuksi tupu". "Mkosi" lahitaji uangalifu, maana mtu husema "nina mkosi" akiwa ameumia peke yake. Andika "ametuletea mkosi", ili wanaoumia waonekane. Katika simulizi ya baharini "ana ndege mbaya" hukaa vizuri, kwa sababu ndege huyo ni dalili ya safari.

Jina Yona liachwe lilivyo pale tu mwandishi anapotaja kura, tufani au kutoswa. Hapo anamkusudia nabii mwenyewe, na ukilibadilisha kuwa "kisirani" umemnyima msomaji kisa.