“Nimeshaipiga picha, nitaichora nyumbani”

Kauli hiyo nimeisikia tena Jumamosi iliyopita, safari hii kutoka kwa mkaguzi wa hesabu aliyerejea Dar es Salaam baada ya wiki mbili za kazi Mwanza, akiwa na picha 140 kwenye simu na daftari la kuchorea ambalo halikufunguliwa hata ukurasa mmoja. Wanafunzi wangu wengi wa uchoraji wa rangi za maji ni watu wa namna yake: wahandisi, maofisa wa mikopo, wataalamu wa maji, watu ambao kazi huwapeleka mikoani kila mwezi na ambao wangependa kurudi na kitu zaidi ya risiti za hoteli. Dhana wanazokuja nazo hufanana mno, na hii ya picha ya simu ndiyo iliyonichosha kuliko zote.

Wanaamini kwamba simu huhifadhi mandhari kama ilivyo, hivyo mwenye picha nzuri hana sababu ya kukaa juani na brashi. Ukweli ni kwamba simu huifasiri mandhari. Kamera ya simu ya siku hizi hupiga picha kadhaa kwa mfululizo, ikaziunganisha kuwa moja, ikapunguza ukali wa mwanga penye jua na kuinua giza penye kivuli ili kila kitu kionekane. Hukadiria pia rangi ya mwanga wenyewe na kujaribu kuisahihisha, kiasi kwamba ule wekundu wa jioni unaoufanya ukuta mweupe ufanane na embe bivu huenda ukapungua kabla hujaitazama picha. Kwa mkaguzi anayetaka kuthibitisha kwamba ghala lipo, huo ni msaada mkubwa. Kwa mchoraji wa rangi za maji, ambaye kazi yake yote husimama juu ya tofauti ya mwanga na kivuli, kilichosawazishwa ndicho hasa alichotakiwa kukichora.

Picha ya huyo mkaguzi ilipigwa karibu na kivuko cha Kamanga, ikiutazama mwamba wa Bismarck, yale mawe yaliyosimama ndani ya Ziwa Victoria, huku jua likizama ng’ambo ya maji. Mtu aliyesimama pale saa kumi na mbili na nusu jioni huyaona mawe yale kama umbo moja la giza lenye kingo kali, maji yanang’aa nyuma yake, na rangi zote za maana hazizidi tatu. Simu ilimpa mawe ya kijivu yenye kila ufa na kila doa la kinyesi cha ndege, na juu yake anga la samawati lililofifia. Aliifuata picha hiyo kwa uaminifu, ufa kwa ufa, kwa saa tatu nzima, na matokeo yake yakawa kitu kinachofanana na mifuko ya saruji inayoelea. Akaniuliza amekosea wapi kushika brashi. Brashi aliishika vizuri tu. Alichokosa ni ule umoja wa giza ambao macho yake yaliuona na simu ikaufuta.

Kinachotakiwa ni dakika ishirini. Chukua penseli ya 2B, chora mstatili usiozidi kiganja cha mkono, gawa mandhari katika toni tatu, yaani mwanga, wastani na giza, kisha andika majina ya rangi pembeni kwa maneno yako mwenyewe: “kutu”, “chai ya maziwa”, “zambarau ya biringani”. Ukiwa na rangi, paka madoa matatu au manne ya majaribio ukingoni mwa karatasi ukiwa bado unaitazama mandhari yenyewe. Mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix alipofuatana na msafara wa kibalozi wa Ufaransa kwenda Morocco mwaka 1832, miaka saba kabla ya ugunduzi wa upigaji picha kutangazwa rasmi, alijaza madaftari yake kwa njia hiyohiyo: mistari ya haraka, rangi ya maji hapa na pale, na majina ya rangi yameandikwa kando ya michoro. Madaftari hayo yalimlisha mada za Morocco hadi alipofariki mwaka 1863. Naye pia alikuwa safarini kwa kazi, na ratiba haikuwa yake.

Sikatazi kupiga picha. Itakusaidia kukumbuka idadi ya madirisha, umbo la tezi la ngarawa au namna paa la bati lilivyopishana na ukuta. Iulize maumbo, lakini usiiulize mwanga.

Kutokana na dhana hiyo huzaliwa nyingine, kwamba uchoraji wa safarini huhitaji siku nzima ya mapumziko, na kwamba mchoro usiokamilika palepale hauna thamani. Mchoraji Mwingereza J.M.W. Turner, alipokuwa Italia mwaka 1819, anasimuliwa kuwa alikataa kupaka rangi nje kwa sababu muda wa mchoro mmoja wa rangi ungemtosha kuchora 15 au 16 ya penseli. Rangi unaweza kupaka usiku hotelini, madhali umeandika uliyoyaona.

Kuhusu vifaa, naomba nisamehewe ukali. Watu hununua kisanduku cha rangi 48, kisha wakachora kwenye karatasi ya kuchapishia ya gramu 80, na karatasi inapojikunja na kutoa nyuzinyuzi husema hawana kipaji. Hakuna kipaji kinachoweza kuishinda karatasi hiyo. Nunua karatasi ya rangi za maji ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba ukiweza, hata kama ni vipande vichache vya ukubwa wa kadi ya posta, na ulipie gharama hiyo kwa kupunguza rangi hadi sita: njano mbili, nyekundu moja, bluu mbili na kahawia moja. Karatasi hiyo hutiwa gundi maalumu inayozuia maji kunyonywa mara moja, na ule muda mfupi ambao maji hubaki juu yake ndio unaokuwezesha kulainisha ukingo wa wingu.

Huna haja ya rangi nyeupe kwa mawingu. Weupe ni karatasi yenyewe uliyoiacha bila kuigusa. Kivuli nacho si rangi nyeusi ya kisandukuni: changanya bluu ya altramarini na kahawia, utapata kijivu chenye uhai. Na si kweli kwamba rangi ya maji haisahihishiki. Altramarini hunyanyuka vizuri kwa brashi yenye unyevunyevu na tishu, ingawa bluu ya thalo hung’ang’ania karatasi, kwa hiyo iweke mwisho.

Dhana ya mwisho huwapata hasa wasafiri, nayo ni kudhani kwamba rangi hutenda vilevile kila mahali. Dodoma wakati wa kiangazi, mpako wa anga, yaani rangi yenye maji mengi iliyotandazwa kwa brashi, hukauka kabla brashi haijafika upande wa pili, ukaacha mstari mgumu katikati. Suluhisho ni kulowesha karatasi kwanza, kuchanganya rangi nyingi zaidi ya unayodhani utahitaji, na kuchora kivulini. Tanga au Unguja wakati wa masika, mpako huohuo hubaki mbichi nusu saa, na asiye na subira huongeza rangi juu yake na kupata tope. Subiri, au anza mchoro wa pili huku wa kwanza ukikauka.

Pwani ina adha nyingine. Rangi hizi hushikanishwa kwa gundi ya mgunga, utomvu ambao sehemu kubwa yake duniani hutoka Sudan, na gundi hiyo ni chakula kizuri cha kuvu. Mkaguzi wangu alikuwa amekifunga kisanduku chake kikiwa kibichi baada ya darasa letu la mwisho, akakibeba hadi Mwanza na kurudi nacho bila kukifungua. Tulipokifungua Jumamosi, kahawia ilikuwa imeota manyoya meupe. Tulikwangua tabaka la juu kwa kisu, tukafuta vijumba vya rangi, na kisanduku sasa kipo wazi dirishani kikikauka; safari yake ijayo ni ya Kigoma, na nimemwambia asikifunge usiku hata mmoja kabla rangi hazijakauka kabisa.